Kengele ya Ukimya

Boksi lenyewe lilikuwa dogo, ungedhani limebeba viatu vya mtoto. Binti aliliweka katikati ya meza akawaambia wazazi wake wasiguse kitu kwanza. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari, na nyumbani walimwita Fundi tangu siku alipoifungua redio ya baba yake kwa kisu cha jikoni, akaifunga tena, ikabaki skrubu moja mkononi, na redio ikaendelea kuimba kama kawaida.

“Nimeliazima kwenye klabu ya sayansi,” alisema. “Mwalimu amekubali tukae nalo muhula mzima, mradi kisipotee kitu.”

Mama yake alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, vidole bado vimekunjamana kwa maji ya sabuni. Alichungulia. Aliona kibao cha kijani chembamba, nyaya za rangi rangi, vitaa vidogo kama punje za mahindi, king'ora cha kulingana na kifungo cha koti, na vidude vingine ambavyo Fundi aliviita vihisio.

“Hiki kinahisi mtu akipita mbele yake. Hiki kinahisi maji yakimwagika. Na hivi viwili ni vya mlangoni, kimoja kina sumaku. Mlango ukifunguka vinaachana, basi simu ya baba inapata meseji.”

Baba yake alikichukua kile cha mlangoni akakigeuza kwenye mwanga. Alikuwa akikijua. Kwenye ghala alilolinda tangu ujana wake, bosi alimwonyesha vidude vya namna hiyo hiyo siku ya mwisho, kwa upole, kama mtu anayetambulisha mgeni: hivi havilali, havichukui likizo, haviugui. Kazi ilikwisha hivyo, ila mtaani jina halikwisha. Watu waliendelea kumwita Kamanda.

“Kinafanya kazi vizuri,” alisema, akakirudisha ndani ya boksi.

Mkewe alimtazama, kisha akatazama pembeni.

Sababu ya hayo yote ilikuwa imekaa kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha, inakunja kitambaa, inakikunjua, inakikunja tena. Mama mzazi wa Kamanda alikuwa ameanza kusahau. Kwanza alisahau majina, halafu njia, halafu miaka. Wiki iliyopita alikutwa getini kwa shule moja ya msingi, amesimama na wazazi wengine wanaosubiri watoto. Mwalimu aliyepiga simu alisema, “Kuna bibi hapa anamsubiri mwanawe wa darasa la pili.” Mwanawe wa darasa la pili alikwenda kumchukua, upara wake kichwani.

Walikuwa wamejaribu kumfungia. Alipiga mlango mpaka viganja vikavimba, na mpita njia mmoja akasema kwa sauti, ili nyumba nzima isikie, kwamba siku hizi watu wanawaweka mama zao mahabusu. Tangu hapo Kamanda hakugusa kufuli. Alikaa nyumbani. Mshahara wa mkewe ukawalisha wote wanne, na kila mara walipomwita kwenye karakana ya mbao kwamba kuna kazi, alijibu kwamba ana mgonjwa.

“Sasa hivi vidude vitanisaidia nini mimi?” aliuliza.

“Utaweza kwenda kazini, baba.”

Bibi alimaliza kukunja kitambaa chake akakiweka magotini, akakipigapiga kama anayelaza mtoto.

*

Jumamosi walivifunga. Fundi alisoma maelekezo kwenye simu, Kamanda akashika tochi, baadaye akashika nyaya, na baadaye kabisa akawa yeye ndiye anayeuliza, “Huu mwekundu si uende huku?” Mara ya kwanza hakikuwaka kitu. Mara ya pili kitaa kimoja kiliwaka sana, kikatoa harufu, kikazimika moja kwa moja.

“Tumeunguza,” alisema Kamanda, na uso wake ukaingiwa na hofu ya mtu aliyevunja cha watu.

“Kitaa tu, baba. Wanajua wanafunzi wataunguza, ndiyo maana wameweka vingi.”

Alicheka. Mkewe, aliyekuwa anaanika nguo uani, alisimama na shuka mkononi akasikiliza mpaka kicheko kikaisha, ndipo akaendelea.

Kihisio cha mlangoni kilikaa juu ya fremu. Kile cha kuona mtu, chenye kikombe cheupe kama jicho la samaki aliyechemshwa, walikibandika ukutani kwenye njia ya kwenda jikoni, maana Bibi aliwahi kufungua gesi akasahau kuwasha kiberiti. Walipomaliza, Bibi mwenyewe aliinuka kwenda kunywa maji. Kitaa chekundu kikawaka. Akasimama.

“Huyu ni nani?”

“Ni mashine, Bibi,” alisema Fundi.

“Amekula?”

“Bado.”

“Basi mpeni chakula. Mtu hawezi kusimamishwa ukutani mchana kutwa na njaa yake.”

Simu ya Kamanda ilitoa mlio mfukoni. Aliisoma kwa sauti: *Jikoni kuna mtu.* Bibi akapita, akanywa maji, akarudi, na akipita akainama kidogo mbele ya jicho kama anayeaga mwenyeji.

*

Kwenye karakana ya mbao walimchukua kwa kibarua. Kazi yake ilikuwa kupokea mbao zikitoka kwenye msumeno na kuzipanga kwa urefu. Vijana waliokuwa pale walimwita mzee, wakamwachia upande wenye vumbi. Hakulalamika. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi tangu aache ulinzi, mikono iko pale na yeye hayuko, na mtu hawezi kumuudhi mtu ambaye hayuko.

Siku ya pili simu ililia. *Mlango umefunguliwa.* Aliangusha ubao akakimbia. Alimkuta Bibi kwenye kiti chake, na paka wa jirani ndani, ameusukuma mlango ambao Fundi hakuurudishia vizuri. Alipopiga simu kueleza, msimamizi wa karakana alimwambia arudi tu. Alimsubiri kwenye lango la karakana, mikono nyuma.

“Kamanda, nyumbani kuna nini?”

“Mama yangu si mzima.”

“Pole sana. Lakini mashine ya mbao haijui pole. Ukiondoka, mbao zinarundikana, zikirundikana mtu anakatwa mkono. Nakuomba uamue.”

“Nimeelewa, mkubwa.”

Msimamizi alikuwa na umri wa kuwa mwanawe. Kamanda alirudi kwenye vumbi lake, na vijana wawili waliokuwa wamesikia wakajifanya hawakusikia.

Jioni alimwambia Fundi kuhusu paka. Binti alihamisha kihisio kidogo, wakafunga kikomeo kipya ambacho mtu hukinyanyua kwa kidole lakini paka hawezi. Siku zilizofuata zilikwenda. Bibi alienda jikoni, simu ikasema. Alirudi kukaa, simu ikanyamaza. Kamanda alijifunza kuupenda ukimya ule. Ulimaanisha mama amekaa kwenye kiti chake, ana kitambaa chake, anaangalia nje.

Asubuhi ya siku yenyewe alimpa chai na mkate, akamkatia vipande vidogo. Mkewe alikuwa ameshaondoka kwa zamu ndefu na Fundi alikuwa na mtihani wa majaribio mpaka jioni. Bibi alimshika mkono akamchunguza.

“Wewe ndiye mlinzi wa hapa?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi angalia usilale. Walinzi wa siku hizi wanalala.”

“Silali.”

Aliridhika, akamwachia mkono. Kamanda akarudishia mlango, akanyanyua kikomeo na kukishusha kuhakikisha, akaenda.

Ilikuwa siku nzuri kuliko zote karakanani. Simu haikulia hata mara moja. Saa ya chakula aliitoa mfukoni akaitazama, akaona ina chaji na mtandao upo, akamwambia kijana mmoja, “Leo mama yangu ametulia.” Yule kijana akasema, “Afadhali.” Alasiri msimamizi alimwita pembeni, akamwambia anamtaka awe wa kudumu kuanzia mwezi ujao, kwa sababu hakuna rundo lililopangwa vizuri kama lake. Kamanda alisema asante. Njiani alipita dukani akanunua pakiti ya biskuti laini, zile ambazo mama yake aliweza kuzitafuna bila meno ya nyuma.

Bibi alikuwa kwenye kiti. Kichwa kilikuwa kimeegemea upande wa dirisha na kitambaa kilikuwa kimeanguka chini. Kamanda alikiokota, akakiweka magotini pake, na alipogusa mkono wake alikuta umeshapoa, umekuwa mgumu kama kitu cha dukani. Kikombe cha chai kilikuwa nusu. Mkate ulibaki vipande vitatu, umekauka.

Hakupiga kelele. Alichukua kikombe akaenda nacho jikoni, na mfukoni simu ikalia. *Jikoni kuna mtu.* Alikiosha, akakifuta, akakitundika. Ndipo akatoka kwenda kumwita mama wa nyumba ya pili, na alipofika mlangoni kwake hakukumbuka alichokuja kusema, ikabidi yule mama asome usoni.

*

Muuguzi aliyekuja alisema moyo ulisimama. Tangu lini? Tangu asubuhi, kwa hali ya mwili. Mke wa Kamanda aliuliza kama angekuwepo mtu ingesaidia.

“Pengine,” alisema muuguzi, akifunga mkoba wake. “Pengine hapana. Umri ule, siwezi kuwaambia uongo wala siwezi kuwaambia kweli.”

Walimzika kesho yake. Dada mkubwa wa Kamanda alifika na basi la asubuhi, akiwa amekaa muda mrefu bila kuja. Kila alipoombwa amchukue mama japo kwa likizo moja alikuwa na sababu, na sababu zote zilikuwa nzuri. Sasa alilia kwa nguvu mpaka ikabidi ashikwe. Baada ya mazishi, watu wamekaa uani kwenye viti vya kukodi, aliingia ndani kunywa maji, na lile jicho ukutani likawaka.

“Hiki nacho ni nini?”

Mke wa Kamanda alimweleza. Alieleza vibaya, kwa sababu alikuwa amechoka, na kila neno lilitoka kama kosa. Yule dada alirudi uani amesimama wima.

“Kwa hiyo mama yangu mmemwacha na kidude cha wanafunzi,” alisema, na viti vyote vikageuka. “Mtu mzima amekufa peke yake kama kuku, kutwa nzima, na wanawe wanasubiri meseji! Nani aliyeleta mambo haya humu ndani? Nani?”

Fundi alikuwa amesimama na trei ya vikombe.

“Shangazi, mimi ndiye—”

“Mimi,” alisema Kamanda.

Alisema bila kuinuka, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaitikia wageni waliokuja kumpa pole.

“Nilivifunga mimi, dada. Mlango nilirudishia mimi. Aliyeamua kwenda kazini ni mimi. Mtoto nilimtuma tu kuazima. Ukitaka kumsema mtu, nipo hapa.”

“Na huoni hata aibu.”

“Sioni kitu chochote bado,” alisema Kamanda. “Kikija nitakwambia.”

Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akauliza kama kuna sukari zaidi. Dada yake alikaa chini akajifunika uso kwa kanga yake, na kwa mara ya kwanza akalia kimya kimya.

*

Fundi alikaa wiki nzima bila kuingia kwenye klabu. Alivibandua vihisio vyote, akavipanga ndani ya boksi kila kimoja mahali pake. Kamanda alimkuta mezani, amelikumbatia boksi kama mtu anayesubiri basi.

“Kesho nalirudisha,” alisema binti.

“Muhula haujaisha.”

“Baba, nikwambie kitu? Ilikuwa mistari minne.”

“Mistari ya nini?”

“Ya programu. Nilikiambia, ukiona mtu, toa taarifa. Mlango ukifunguka, toa taarifa. Sikukiambia, usipoona mtu kwa muda mrefu, toa taarifa. Ningekigeuza tu kikamtazama kwenye kiti, halafu mistari minne. Nimeiandika jana, sikutumia hata nusu saa.” Alikuwa anaongea haraka, macho makavu. “Nilifikiria atatoka. Sikufikiria atabaki.”

Kamanda alivuta kiti akakaa. Alitafuta la kumwambia. Alijua baba wengine wangekuwa nalo.

“Hata mimi sikufikiria,” alisema mwishoni. “Nilifurahi mchana kutwa.”

Binti alimtazama. Lilikuwa jambo baya zaidi alilolisikia tangu msiba uanze, na lilimfanya aweke boksi chini na kumshika baba yake mkono wa shati, kwenye kifungo, kama alivyokuwa akimshika alipokuwa mdogo wakivuka barabara.

Walikuwa bado wamekaa hivyo mlango ulipogongwa. Alikuwa mama wa nyumba ya pili, yule wa siku ile. Alisimama kizingitini akipangusa mikono iliyokuwa mikavu.

“Najua si wakati wake,” alisema. “Mnisamehe sana. Ni habari ya vile vidude.”

Mumewe, aliyekuwa dereva wa malori, alipigwa na kiharusi miezi kadhaa nyuma. Upande mmoja ulikuwa umelala na maneno yalitoka nusu. Mama huyu alifua nguo za watu uani mwa nyumba yao, nyuma kabisa kwenye bomba, na kila baada ya nguo mbili tatu aliacha sabuni akaenda kumchungulia.

“Juzi alianguka,” alisema. “Nilikuwa nasuuza blanketi. Hakuweza kuniita.”

“Hapana, mama,” alisema Kamanda. “Hivyo vidude havifai. Umeona mwenyewe.”

“Nimeona. Nilikuwepo.” Alimtazama Fundi, si Kamanda. “Lakini mimi sina kingine.”

Fundi akasema, taratibu, “Huwa anakaa wapi mchana?”

*

Walikwenda Jumapili, Kamanda akibeba stuli na mkewe akibeba boksi, maana naye alisema hataki kubaki nyumbani. Dereva alikuwa kwenye kiti cha mbao kilichowekewa mito. Alijaribu kusimama kuwapokea, kwa adabu, ikashindikana, akanyanyua mkono mmoja.

“Ka... manda.”

“Mkubwa. Kaa, kaa, sisi si wageni.”

Safari hii Fundi hakumwomba baba yake ashike tochi. Alipima mwenyewe, akabandika jicho ukutani likitazama kiti, king'ora akakipeleka nje kwenye bomba kwa waya mrefu. Alieleza huku akifanya. Mtu akijitikisa, hata mkono tu, jicho linaona na kengele inakaa kimya. Asipojitikisa kwa muda, inalia. Akijitikisa tena, inanyamaza yenyewe.

“Akisinzia italia pia,” alisema. “Itakusumbua.”

“Ilie,” alisema mama wa nyumba. “Nije nimkute amesinzia.”

Ilibidi kujaribu. Walimhamishia Dereva kwenye kiti kingine chini ya jicho, hatua moja tu mbele ya mito yake, mahali lisipoweza kumwona, na Fundi akamwomba baba yake akae kwenye ile mito.

“Nimeweka dakika chache tu. Usitikisike kabisa, baba. Wengine wote tutoke.”

Walitoka. Mama wa nyumba alirudi kwenye beseni lake kwa sababu nguo za watu zilikuwa zimelowekwa, na mke wa Kamanda akamfuata akamsaidie kukamua. Kamanda akabaki na Dereva, ambaye alikuwa anamtazama kwa jicho lake zima.

Kukaa bila kutikisika hakukumpa shida. Aligundua kwamba alikuwa hajafanya kitu kingine tangu siku ile, na pengine tangu siku ya ghala. Alitazama ukuta wa mbele. Alisikia maji uani, wanawake wakiongea kuhusu sabuni gani inatoa povu, na mlango wa mtu ukifungwa. Yote yalikuwa yanaendelea. Hakuna aliyekuwa anajua kama yuko au hayuko. Alifikiria kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa kwenye kile kiti cha dirishani, watu wanapita, jua linasogea sakafuni, chai inapoa.

King'ora kikalia huko nje.

Alisikia beseni likigongwa, maji yakimwagika, miguu peku ikija mbio. Mama wa nyumba aliingia na mikono imejaa povu mpaka viwikoni, mke wa Kamanda nyuma yake na shati la mtu linalochuruzika, Fundi nyuma yao. Wote watatu walisimama mlangoni wakihema.

“Nilijua ni majaribio,” alisema mama wa nyumba, ameshika kifua, povu likimpaka gauni. “Nilijua kabisa. Miguu ndiyo haikujua.”

Walisubiri Kamanda aseme kitu, au ainuke. Hakuinuka. Dereva alinyoosha ule mkono wake mmoja polepole, kama mtu anayetafuta gia gizani, akauweka juu ya goti la mwenzake, chini ya mahali jicho lilipofika. Kengele ilizidi kulia uani, na Fundi akageuka kwenda kuizima.

Hakufika. Ilinyamaza yenyewe, kwa sababu mabega ya baba yake yalikuwa yameanza kutikisika.